Taa Ikiwaka, Mtu Aangalie

Assalamu alaykum. Shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Karibuni madereva, wapishi wa kambi na wenye magari ya watalii, na nyinyi mliotoka Watamu na Mambrui kuja kutusikiliza hapa Malindi. Nitazungumza kama fundi wa umeme wa magari, kwa sababu jambo hili naliona gereji kila msimu wa wageni, na linaniuma. Watu wanaibiwa huku taa ya ulinzi wanayo, wameinunua kwa pesa zao.

Magari yanayolala njiani siku hizi ni mengi. Kuna yanayotoka hapa kupitia Langobaya hadi lango la Sala na kulala kwenye kambi za mbuga ya Tsavo Mashariki. Kuna yanayolala ufuoni. Kuna wageni wenye karavani, ile nyumba ndogo inayokokotwa na gari, na wengine wana hema juu ya paa. Yote yana udhaifu mmoja: usiku ukiingia, nusu ya mali iko nje. Mtungi wa gesi, madebe ya mafuta, tairi la akiba, viti, betri ya pili. Mwizi hana haja ya kuvunja mlango.

Ndiyo maana taa za sensa zimependwa, zile zinazojiwasha mtu akipita. Nami nazipenda. Ila ninachotaka mtoke nacho hapa ni hiki: kazi ya taa ile ni kumfanya mtu aangalie nje. Ikijiwasha kila baada ya dakika tano kwa ajili ya paka, matawi na pikipiki ya barabarani, usiku wa pili hakuna atakayeinua kichwa, na mwizi anayechungulia kutoka gizani ataliona hilo kabla yenu.

Mteja wangu mmoja alilala ufuoni na karavani wakati wa kusi. Taa aliifunga juu ya mlango, ikatazama mivinje moja kwa moja. Tangu magharibi ikawa inawaka, inazima, inawaka. Watoto wakakosa usingizi, mama yao akaifunika kwa kikoi. Asubuhi mtungi wa gesi na betri ya sola havipo. Taa ilikuwa nzima kabisa. Niliipima mwenyewe.

Sasa tuelewe inavyofanya kazi, maana ukishaelewa hutahitaji fundi. Nyingi kati ya taa hizi zinasubiri joto linalohama. Mwili wa binadamu hutoa miale ya infraredi, jicho haliioni, na nguvu yake kubwa iko kwenye mawimbi ya karibu mikromita 9 hadi 10. Kile kikombe cheupe cha plastiki mbele ya sensa ni lenzi. Kinaligawa eneo la mbele kwa vipande virefu, kama kili za mkeka zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Mtu akitoka ukili huu akaingia ule, sensa iliyo ndani inahisi joto limehama, taa inawaka.

Hapo ndipo penye siri ya mahali pa kuifunga. Mtu anayepita mbele ya sensa kwa kukata njia huonekana mapema. Anayeijia moja kwa moja anakaa ndani ya ukili uleule kwa hatua nyingi, na anaweza kufika karibu sana kabla haijawaka. Kwa hiyo usiifunge juu ya mlango ikiangalia mbali. Ifunge kwenye kona ya gari, kimo cha mita 2 hadi 2.5, itazame kufuata ubavu wa gari na iinamishwe kidogo. Anayeufuata mlango au mtungi wa gesi lazima aukate ubavu huo. Pia barabara, matawi na moshi wa eksosi vitakuwa nje ya macho yake. Gari lako ni refu? Funga mbili, kona mbili zinazokabiliana kwa mshazari, zitakulindia ubavu wa kulia na wa kushoto.

Wengine wanaiweka ndani ya dirisha isipatwe na mvua. Haitafanya kazi. Kioo kinazuia joto lile, hata kama wewe unaona nje vizuri. Kuna aina nyingine inayotumia mawimbi ya redio ya gigahezi 5.8, ambayo hupenya kioo, plastiki na kuta nyembamba, lakini ndani ya karavani hiyo itakuhisi hata wewe unapojigeuza kitandani. Kwa magari yetu mimi siishauri.

Na joto letu la pwani mlikumbuke. Ngozi ya mtu ina nyuzijoto karibu 33. Mwezi wa pili na wa tatu, jioni, mchanga na kuta bado vina moto wa mchana, kwa hiyo tofauti kati ya mtu na kilicho nyuma yake ni ndogo. Taa iliyoandikwa mita 10 kwenye boksi itaona chini ya hapo. Usiku ukipoa inarudia nguvu zake. Usiipime saa 12 jioni ukasema ni mbovu. Ipime baada ya isha.

Kuipima kwenyewe ni hivi. Nyuma au chini ya taa, kwa zile za waya hasa, utakuta vifundo vitatu vya kuzungusha kwa bisibisi, vimeandikwa SENS, yaani wepesi wa kuhisi, TIME, muda wa kubaki ikiwaka, na LUX, kiasi cha giza kinachoiruhusu kuwaka. LUX kiweke usiku, isiwake mchana ikamaliza betri. TIME kirudishe chini kabisa kwanza. SENS kiweke katikati. Kisha mmoja aingie ndani avute pazia kama anavyolala, mwingine azunguke gari polepole, akipitia kila mahali ambapo yeye angepitia kama angetaka kuiba. Aliye ndani aseme kila anapojua taa imewaka. Mkigundua kwamba pazia ni zito na hajui kitu, basi taa peke yake haitoshi. Zipo sensa zenye kengele ndogo isiyo na waya, unaiweka karibu na mto. Mkimaliza, ongezeni TIME hadi dakika 1, na SENS ipunguzwe mpaka paka apite bila kuiwasha na mtu asipite.

Kuhusu betri nitasema kwa ufupi. Taa ya wati 10 ikiwaka kwa muda wa saa 11 mfululizo inakula karibu ampea-saa 9 kwenye betri ya volti 12. Hiyohiyo ikijiwasha mara 20, kila mara dakika 1, haifiki hata ampea-saa 0.3. Hata hivyo ichukulie umeme kwenye betri ya pili, si ile ya kupigia staati, na fyuzi ikae karibu na betri. Nunueni yenye alama ya IP65, vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya hapa ikishaganda juu ya lenzi, sensa inakuwa kipofu, kwa hiyo ifuteni kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya bahari.

Kwa wanaolala ufuoni nina ombi, na hili naliomba kwa moyo wote. Fuo za Watamu na hapa kwetu kasa hupanda kutaga. Jike akiona mwanga mkali pwani anaweza kurudi baharini bila kutaga. Vitoto vikianguliwa, baada ya miezi miwili hivi, vinafuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa yako ikiwa kali kuliko bahari vinakuja kwako, vinakauka au kuliwa na kaa na ndege. Kasa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Geuza taa itazame bara, ifunike kwa juu, na balbu iwe ya rangi ya kaharabu, njano inayoelekea machungwa, badala ya nyeupe.

Na taa ikiwaka usiku, msitoke. Tazameni kwanza kupitia pazia, semeni kwa sauti, pigeni honi. Tsavo anaweza kuwa fisi au ndovu, na ndovu hakimbii taa ya wati 10.

Nimeleta taa mbili, zina vifundo vyote vitatu. Mwenye gari hapa nje alisogeze karibu na ukuta, tuzifunge sasa hivi, na vijana wawili wajitolee kuzunguka. Maswali mtaniuliza hukohuko.