Kabla hujasimama, mjue atakaekushusha

(Maongezi ya mchana na kikundi cha watu wenye ulemavu pamoja na familia zao, ukumbini Chikongola, Mtwara. Yameandikwa kama yalivosemwa, pale kwenye kelele tumeruka.)

Shkamooni wazee. Vijana mambo. Huko nyuma mnaskia? Kama hamskii semeni saivi maana nikishapanda juu na hii mashine ntakuwa na mengine ya kufikiria.

Haya, naona kuna sura ngeni kwahiyo nijitambulishe, mi mtu wa Mikindani, nilikuwa mkwezi. Wakwezi wa zamani mnatujua, hakuna mkanda wala kofia, ni kamba ya miguuni na bismillahi. Siku moja mvua imenyesha asubuhi, gogo limeloa, nkajifanya mjuzi, nkateleza. Ikavunjika pingili ya uti wa mgongo, ile ya 10 ya kifua, na tangu siku hiyo kuanzia hapa kitovuni kushuka chini sina habari napo. Miaka yote nimekaa kwenye kiti mwendo cha kusukuma kwa mikono mpaka ndo nkapata hiki mnachokiona, kiti cha mota, ukibonyeza hii swichi kinakunyanyua unasimama wima na bado unaendesha kwa joistiki. Kimekuja kimetumika, kwenye kontena la misaada, hakina kitabu hakina nini. Nilipokabidhiwa nilielekezwa dakika 10, na katika hizo 10 karibu zote tulikuwa tunapiga picha. (Kicheko.) Mnacheka, lakini ndo hivo.

Wengine mmeona kwenye simu viko vya aina nyingine, kuna kile cha Waturuki kinaitwa Tek RMD, video zake zilianza kuzunguka 2012, kile unaingilia kwa nyuma, mtu anajivuta toka kitandani kinamnyanyua. Umbo tofauti lakini mambo yake ni yaleyale, una mwili ambao haujazoea kusimama, umefungwa mikanda, halafu uhai wako uko kwenye betri.

Sa kila mtu anaenifata mtaani anauliza inapandaje. Hajawahi kutokea hata mmoja akauliza inashukaje. Na mi nimekuja leo kuongelea kushuka.

Mwezi wa pili tu tangu nikipate, nilikuwa nyumbani peke yangu, mke wangu kaenda sokoni, kijana yuko shule. Nkasimama dirishani, maana kwa mtu aliezoea kuangalia bahari toka juu ya mnazi, kukaa miaka unaangalia viuno vya watu ni mateso bana. Nimesimama hapo naangalia ngalawa zinarudi, raha zangu, betri nimeona taa yake inawaka nyekundu nkasema aah bado bado. Nkabonyeza kushuka, kimya. Nkabonyeza tena, kimya. Nimefungwa mkanda wa kifua, magoti yamebanwa na hiki kizuizi cha mbele, na simu yangu naiona ipo juu ya meza pale, inalia kabisa, mke wangu anapiga aulize ninunue changu au dagaa. Siifikii.

Nikapiga kelele. Wakaja majirani wawili, wavuvi, watu wenye nguvu zao na roho nzuri, na hapo ndo hatari ilianza. Mmoja akasema tumfungue tumbebe. Akainama akaanza na magoti. Nkamwambia we acha, acha hapohapo! Kwasababu, na hili wasaidizi mlishike, mtu kama mimi magoti ndo yananizuia nisianguke, miguu hii haina kazi, ukifungua kile kizuizi cha magoti nikiwa bado juu najikunja kama gunia la korosho lililotobolewa, na mkanda wa kifua unapanda unanikaba shingoni. Magoti hayafunguliwi mpaka makalio yamekaa kwenye kiti na kiti kimetulia.

Nilikaa hivo saa 1 na dakika 20. Kijana aliporudi akaingia chini na tochi ya simu, akakuta kifuniko cha plastiki, ndani kuna mpini wa kuzungusha kwa mkono. Ulikuwepo siku zote! Akazungusha taratibu kama anavuta ndoo kisimani nkashuka. Vyenu vinaweza visiwe hivo, kuna vingine vina kitufe cha kuachia springi, vingine valvu, na vingine havina kitu kabisa, sa kama chako hakina kitu we ukiona taa ya njano tu kaa chini. Ila leo mkirudi mtafute. Na simu ining'inie shingoni, isikae mezani.

Haya mwili. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana nimemuuliza sana dada wa mazoezi ya viungo aliekuwa ananifatilia, na kabla hujapanda kifaa cha hivi lazima umuone mtu kama yeye, sio kaka yako fundi wa pikipiki.

Siku ya kwanza nilizimia. Dakika ya tatu hivi, masikio yakaanza kuvuma, macho yanaona giza la pembeni, jasho, nkasikia watu kama wako ndani ya pipa. Ni kwamba ukisimama damu inakimbilia miguuni, na mtu anaetembea misuli ya miguu inairudisha juu, yetu imelala, kwahiyo presha inashuka na ubongo unakosa damu. Dawa yake ni kushushwa mara moja, kulazwa nyuma, miguu juu. Ndo maana unaanza kidogokidogo, mi nilianza na dakika 5, wiki inayofata 10, nusu saa niliifikia baada ya miezi. Tena unapanda kwa vituo, kiti kikifika katikati unasimama kidogo unajisikiliza ndo unaendelea. Maji ya kutosha kabla. Na kama una dawa za presha umwambie daktari kwamba utakuwa unasimama.

Sasa kuna kitu kingine kinafanana na hicho lakini ni kinyume chake kabisa, na ukikosea unamuua mtu. Wale walioumia juu, pingili ya 6 ya kifua kwenda shingoni, presha yao inaweza kupaa ghafla. Kichwa kinagonga kama ngoma, uso unaiva, jasho juu tu, vinyweleo vinasimama. Mara nyingi sababu ni kitu kidogo huko chini ambacho hakisikii, mpira wa mkojo umejikunja, kibofu kimejaa, choo kigumu, mkanda umebana. Na ukimsimamisha na mikanda hii, mpira wa mkojo kujikunja ni jambo la dakika tu. Huyu msimlaze! Ukimlaza presha inazidi kwenda kichwani. Mshushe akae wima, miguu ining'inie, legeza mikanda na nguo yote inayobana, fatilia mpira toka mwanzo mpaka mfuko, na kama haitulii haraka ni hospitali, hapa mjini ni Ligula, moja kwa moja. Mama uliekaa pale na kijana wako wa shingo, umenielewa? Rudia nisikie. (Mama anarudia: huyu hatumlazi, tunamkalisha, tunaangalia mpira.) Ndo hivo hivo mama yangu.

Mifupa ntasema kifupi. Mguu usiobeba uzito mfupa wake unapungua, unakuwa kama muhogo uliokauka, na inatokea mtu anavunjika karibu na goti bila kuanguka, ni kupindishwa tu na mashine, na hasikii maumivu. Kwahiyo ukikaa miaka hujasimama piga eksirei kwanza. Na kama goti au kifundo kimekakamaa hakinyooki, msikilazimishe na mota, mota haina huruma, haijui kwamba ule ni mguu. Baada ya kusimama ukaona goti limevimba, lina moto, au miguu inaanza kukakamaa na kurukaruka kuliko kawaida, usisubiri kesho.

Ngozi. Wanasema angalia wekundu. Jamani, wekundu gani kwenye ngozi hii? (Kicheko.) Sisi tunatumia mkono. Unapitisha kiganja hapa mbele ya ugoko, chini ya goti, kisigino, na makalio kwa kioo, unatafuta palipo na joto kuliko pengine, palipokuwa pagumu, au panang'aa, au rangi imekolea. Ikikaa zaidi ya nusu saa haijarudi, kesho husimami, na ile sponji ya magoti iangaliwe. Na uvae viatu, viatu vya soli, sio kandambili, kidole kikibaki kinaning'inia nje ya sahani ya mguu hutajua mpaka uone damu sakafuni.

Tuje kwenye mashine yenyewe, na ya kwetu huku ina adui zake. Kwanza chaja. Hivi vitu vingi vinatoka Marekani na kule umeme wao ni volti 120, wetu ni 230. Usichomeke chaja kabla hujasoma kikaratasi chake, kama kimeandikwa 100 mpaka 240 sawa, kama imeandikwa 120 peke yake ukichomeka ni moshi. Namjua mtu Lindi alipoteza chaja siku ya kwanza, sherehe haijaisha. Pili ni bahari. Huku upepo una chumvi, vichwa vya betri vinaota unga mweupe au wa kijani, moto haupiti vizuri, betri inaonekana imejaa kumbe haina nguvu ya kukunyanyua. Zima mashine, safisha, kausha, paka grisi. Na hizi betri za asidi, zangu ziko 2 za volti 12, usizilaze tupu, zikilala tupu zinakufa. Ukilala weka chaji, hata kama jana hujatembea.

Halafu milima. Wa Mikindani mnaijua ile njia ya kupanda kwenda Boma, lile jengo la Wajerumani la 1895. Kuna vijana waliniambia mzee panda tukurekodi umesimama. Nkakataa, na nawaambia kwanini. Ukikaa, uzito wako uko chini. Ukisimama, kifua na kichwa vinapanda juu lakini magurudumu yako palepale, upana uleule, sasa kimteremko kidogo tu kinatosha kukupeleka chini na kiti kinakufata juu. Kusimama ni sakafu ya tambarare. Kwenye mteremko, mchanga wa Shangani, kokoto, kingo za mtaro, unashuka unakaa ndo unaendesha, na pole pole. Hata mlangoni, kizingiti cha chini kinakutikisa, na cha juu, mi niliekuwa nasahau kama nina urefu, nimegonga kichwa mara 2.

Na kuna hivi vijiti 2 nyuma ya mota. Mnaviona? Joistiki ukiachia, breki inajikamata yenyewe, iko ndani ya mota. Hivi vijiti vinaachanisha mota ili kiti kisukumwe kwa mkono, kwahiyo vikifunguliwa breki nayo haipo. Haipo kabisa! Watoto wanapenda kuvichezea. Kama uko kwenye mteremko unateremka wewe na historia yako. Kila ukipanda, mkono nyuma, hakikisha vimefungwa, na mtu anaekusaidia asivifungue ukiwa umesimama hata akikwama vipi.

(Swali toka kwa mama mmoja: sisi tunaovaa madera je?)

Swali zuri sana, na mi mwenyewe msuli uliwahi kuingia kwenye gurudumu, ukanivua mbele ya wakwe. (Kicheko kirefu.) Dera likunjwe lifungwe juu ya magoti au ndani vaa suruali, khanga usijifunge ikaning'inia pembeni. Na aibu ya kunyanyuliwa nguo imepanda hiyo ipo, kwahiyo anaekufunga mikanda awe mtu wa kwako. Ila asiwe mmoja. Nyumba nzima ijue, na jirani wa karibu, hata yule bodaboda wa kijiweni kama ndo huwa yupo.

Haya, tumalizie na vitendo. Kijana njoo. Huyu ana miaka 14. Mi napanda hivi, subirini... nasimama hapa katikati nijisikilize... naenda. Haya nimesimama, mnaniona wote? Mzee pale mbele samahani nakuangalia kipara. Sasa zima swichi kuu. Imezimwa. Hakuna umeme, nimekwama, mi nimeanza kuona giza. Nani ana saa? Anza kuhesabu.

Kifuniko... ndio... upande wa kulia baba, kulia... zungusha. Polepole, usinishtue. Bado magoti, usiguse magoti. Nimekaa? Jaribu kiti kama kimetulia. Haya ndo sasa mkanda wa kifua, halafu magoti.

Ngapi? Sekunde 52. Jana nyumbani alifanya 38. Leo anaangalia watu. Rudisha kifuniko tuanze tena, na safari hii aje yule bwana aliekaa mlangoni, wewe, ndio wewe ambae hujawahi kukigusa.