Msiwaharakishe Mateno: Mhadhara Kuhusu Lauritz Melchior

Walimu wenzangu, viongozi wa kwaya, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma, karibuni. Nimeombwa nimzungumzie mwimbaji wa opera kutoka Denmark, Lauritz Melchior, na jinsi alivyotoka Copenhagen akafika London, Bayreuth, Hamburg na New York. Nitamzungumzia. Lakini wengi wenu mnanijua, na mnajua nitaelekea wapi. Tunawaharakisha vijana. Kijana akigusa noti moja ya juu Jumamosi mazoezini, Jumapili keshapangwa teno, ile sauti ya juu ya wanaume, eti kwa sababu mateno wamepungua. Nimelisema hili hadi wengine wamechoka kunisikia, na nitaendelea kulisema, kwa sababu koo likishaharibiwa hakuna duka linalouza jingine.

Opera sina haja ya kuieleza hapa. Nakumbusheni jambo moja tu: huko hakuna maikrofoni. Orkesta ya Wagner, yule mtunzi wa opera Mjerumani, ina watu 80, 90, pengine zaidi, na mwimbaji anatakiwa asikike juu yao wote kwa koo lake mwenyewe, saa nne au tano za usiku mmoja.

Melchior alizaliwa Copenhagen tarehe 20 Machi 1890. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na mtunza nyumba wa familia, Kristine Jensen, yule mwandishi wa kitabu cha mapishi ambacho Wadenmark wanakifahamu mpaka leo. Utotoni aliimba soprano katika kwaya ya kanisa la Waingereza mjini humo. Sauti ikavunjika, ikawa nzito, akaenda kusomea uimbaji. Tarehe 2 Aprili 1913, akiwa na miaka 23, akapanda kwenye jukwaa la opera la Copenhagen kwa mara ya kwanza. Aliimba nafasi gani, yaani mhusika yupi? Silvio, katika opera ya Pagliacci. Silvio ni baritoni, sauti ya kiume iliyo chini ya teno. Naomba mlisikie hilo vizuri: mtu huyu, ambaye wajuzi wengi wanamhesabu kuwa teno mkubwa kuliko wote wa Wagner katika karne ya 20, alianza kama baritoni, akabaki baritoni miaka kadhaa, tena wa nafasi ndogo ndogo. Hakuna aliyemwona ni mtu wa ajabu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Alikuwa kwenye ziara Sweden, wanaimba Il Trovatore, opera ya Mwitaliano Verdi, yeye akiwa bwana mkubwa di Luna, nafasi ya baritoni. Mnaijua ile sehemu ya nne: Leonora anamwendea di Luna kumwombea mpenzi wake asiuawe, anaahidi kujitoa mwenyewe ili yule aachiwe, na wote wawili wanaimba kwa kasi, sauti zinapanda, zinapanda. Soprano siku hiyo hakuwa mzima. Alijua ile do ya juu kabisa itamshinda. Melchior akamwambia: usijali, wewe iache, nitaichukua mimi. Na kweli akaichukua. Baritoni! Noti ambayo mateno wengi wanailalia usiku kucha kwa hofu, yeye aliitoa kama msaada kwa mwenzake aliyekuwa mgonjwa.

Pembeni alikuwepo mama mmoja Mmarekani mwenye sauti ya alto, Madame Charles Cahier. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyeimba sehemu ya alto katika Das Lied von der Erde ya mtunzi Mahler ilipoimbwa mara ya kwanza, Munich, mwaka 1911, chini ya kiongozi wa orkesta Bruno Walter. Masikio yake yalikuwa yamesikia mengi. Akamwambia yule kijana kwamba yeye si baritoni. Ni teno ambaye bado amefunikwa kifuniko.

Haya. Nawauliza walimu: ingekuwa sisi, tungefanyaje? Mnajua tungefanyaje. Wiki ifuatayo angekuwa anaimba teno, tena mbele, tena peke yake, na kwenye tamasha la mwisho wa mwaka angekuwa amekaukiwa. Madame Cahier hakufanya hivyo. Aliandika barua kwa wakuu wa opera ya Copenhagen akawasihi wampe Melchior ruhusa na msaada wa masomo, aanze upya. Akapelekwa kwa Vilhelm Herold, Mdenmark mwenzake, teno aliyeijua kazi. Wakajenga ngazi ya juu pole pole, na ile ya chini haikubomolewa. Tarehe 8 Oktoba 1918 ndipo akarudi jukwaani akiwa teno, akaimba Tannhäuser, shujaa wa opera ya Wagner yenye jina hilo. Alikuwa na miaka 28.

Na bado hakuwa amemaliza! Hapo ndipo watu hawanielewi. Mwaka 1920 alikuwa London. Julai ya mwaka huo aliimba kwenye kituo cha majaribio cha Marconi pale Chelmsford, redio ikiwa bado kitu kigeni masikioni mwa watu. Septemba akaimba kwenye tamasha, na ukumbini alikuwepo mwandishi wa riwaya, Hugh Walpole. Walpole alipenda alichosikia akajitolea kumlipia masomo. Ikabidi arudi tena kuwa mwanafunzi: Victor Beigel, kisha Ernst Grenzebach wa Berlin, kisha Anna Bahr-Mildenburg aliyemfunza Wagner nafasi kwa nafasi. Mei 1924 akaimba Siegmund, shujaa wa Die Walküre ya Wagner, katika jumba la opera la Covent Garden, London. Majira ya joto ya mwaka huo huo Bayreuth, lile tamasha la opera za Wagner huko Ujerumani, ikafunguliwa tena baada ya kufungwa miaka kumi kwa sababu ya vita na mambo yaliyofuata, na Melchior akawa Siegmund na Parsifal katika jumba alilolijenga Wagner mwenyewe. Toka Silvio hadi Bayreuth ni miaka 11.

Naona mkono umenyooshwa, na hata usingenyooshwa swali nalijua, maana huulizwa kila mara: mwalimu, huyo alikuwa na mfadhili, sisi tuna nani? Swali ni la haki. Bila Walpole pengine tusingelijua jina hili. Lakini angalieni fedha zile zilifanya nini. Hazikununua suti wala picha gazetini. Zilimlipia mwalimu, zikampa muda wa kutoimba mbele ya watu. Hilo la pili halihitaji mfadhili wa London. Linahitaji kiongozi wa kwaya mwenye subira.

Mwingine ataniambia: mbona wapo walioanza mapema na hawakuharibika? Wapo. Jirani yake Melchior, Jussi Björling wa Sweden, alianza opera Stockholm mwaka 1930 akiwa na miaka 19, na sauti ile ilikuwa zawadi. Lakini Björling hakuimba jukwaani Tristan, ile nafasi nzito ya shujaa wa Wagner. Kila sauti ina kazi yake na umri wake, na mtu akichagua mfano wa Björling kwa kila kijana mwenye kifua kipana anayemletea, anacheza na maisha ya watu.

Sasa New York, na hapa naomba mnivumilie, sitapita haraka. Tarehe 17 Februari 1926 Melchior alianza kuimba Metropolitan Opera, jumba la opera la mji huo, akiwa Tannhäuser, onyesho la mchana. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwenye jukwaa hilo hilo, alianza pia binti wa Kansas City, Marion Talley, akiwa Gilda katika Rigoletto. Alikuwa na miaka 19. Watu wa mji wake walisafiri kwa treni kuja kumsikia. Barabarani umati ukafurika. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa telegrafu katika reli, na nyuma ya jukwaa iliwekwa mashine ya telegrafu, mzee akakaa pale akigonga habari za binti yake kwenda Kansas City, pazia moja baada ya jingine. Kesho yake magazeti yalikuwa na nani? Na Marion. Yule Mdenmark mrefu wa mchana, mwenye miaka karibu 36, ni wachache waliomjali.

Simlaumu binti yule hata kidogo. Aliimba kama alivyofundishwa, na alikuwa mtoto. Nawalaumu waliomsukuma. Ilipofika mwaka 1929, Talley aliondoka Metropolitan. Misimu minne tu, akiwa bado kijana mbichi kabisa! Na Melchior je? Alipoona New York haimpi kazi ya kutosha, alikwenda Hamburg, akaimba pale kama mwajiriwa wa kawaida, akijaza mfuko wake wa nafasi, hadi za Verdi kama Otello na Radamès. Tristan akaijaribu kwanza Barcelona, mwaka 1929. Kisha tarehe 20 Machi 1929, siku aliyotimiza miaka 39, akaimba Tristan Metropolitan, na hapo ndipo New York ikamsikia. Mwaka ule ule mmoja anafunga, mwenzake ndiyo anafungua. Aliimba pale hadi 1950, maonyesho 519. Tristan peke yake, kwa hesabu ya maisha yake yote, aliiimba mara 223. Wapo mateno walioimba Tristan mara kumi wakaomba kupumzika.

Kwa nini aliweza? Kwa sababu nafasi hizi za mashujaa, zile ambazo Wajerumani wanaziita za Heldentenor, hazikai juu. Zinakaa katikati, pale baritoni anapojisikia nyumbani, zinakaa hapo muda mrefu sana, halafu zinapanda ghafla ukiwa umeshachoka. Teno aliyejengwa kwa noti za juu tu atakwisha kabla ya sehemu ya tatu. Melchior alikuwa na sakafu. Yeye mwenyewe aliamini kwamba teno wa aina hii hutoka kwa baritoni, na uzeeni alianzisha mfuko, uliohusishwa na chuo cha muziki cha Juilliard, kuwasaidia waimbaji wa namna hiyo wapate muda wa kukomaa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi yaliyobaki nayataja tu. Mwimbaji wa soprano Kirsten Flagstad wa Norway alikuja Metropolitan 1935, na wawili hao wakajaza ukumbi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Uraia wa Marekani, 1947. Filamu tano za Hollywood kati ya 1945 na 1953, ambazo wakubwa wa opera hawakuzipenda. Mkurugenzi mpya, Rudolf Bing, hakumwongezea mkataba, na Lohengrin ya tarehe 2 Februari 1950 ikawa ya mwisho. Hilo lina mhadhara wake. Lakini hili siliachi: mwaka 1960, akiwa na miaka 70, aliimba Copenhagen sehemu nzima ya kwanza ya Die Walküre pamoja na orkesta ya redio ya Denmark. Miaka sabini!

Ni sehemu hiyo hiyo nitakayowapigia sasa, ila katika rekodi ya Vienna ya 1935, Lotte Lehmann akiwa Sieglinde na Bruno Walter akiongoza. Siegmund hana silaha, anamwita baba yake mara mbili: Wälse! Wälse! Noti zenyewe ni sol iliyoshushwa, kisha sol. Si za juu sana, mateno wote humu ndani mnazo. Sikilizeni anavyozishika, anavyokataa kuziachia, na kama koo limekazwa popote mniambie. Mateno sogeeni mbele, mabaritoni pia. Maswali baadaye.