Kuvuka Jangwa la Baja California kwa Siku Moja: Karatasi, Mafuta na Mwanga wa Jua

Ndugu zangu watazamaji, habari za huko nyumbani. Tangu nilipoweka picha za ile barabara ya jangwani, swali linalonifikia ni lile lile, likiulizwa kwa maneno mbalimbali: mtu mwenye pasipoti ya Tanzania aliwezaje kuingia Mexico na gari lake, akavuka jangwa lile kati ya asubuhi na jioni, na alilipa kiasi gani? Wapo wanaouliza kwa nia ya kujua, na hao nawashukuru. Wapo walioandika kwamba najionyesha, na wengine, baada ya kunisikia nikitaja foleni na ada, wakasema nalalamika juu ya nafasi ambayo wao hawajaipata. Nimeona ni haki nijibu wote kwa kutaja fedha na karatasi kama zilivyokuwa, ili asibaki mtu wa kudhania. Ninayoyasema yanahusu hali yangu mimi na hadhi yangu ya kisheria hapa Marekani. Ya mwenzangu yanaweza kuwa tofauti kabisa.

Sikuvuka nchi nzima ya Mexico, kama baadhi yenu mlivyofikiri. Nilikuwa katika rasi ya Baja California, inayoanzia mpakani, kusini mwa San Diego ninakoishi, na kushuka kusini ikiwa na Bahari ya Pasifiki upande mmoja na Ghuba ya California upande wa pili. Barabara yake kuu ni ile ya taifa namba 1, ambayo wenyeji huiita Transpeninsular na ambayo ilikamilika mwaka 1973. Kabla ya hapo madereva walipita njia za vumbi na mawe kwa siku nyingi. Kutoka Tijuana hadi Cabo San Lucas ni takribani kilomita 1,700, na umbali huo sikuumaliza kwa siku moja, wala simshauri mtu ajaribu. Siku ninayoulizwa ilianzia San Quintín, nilikolala, ikaishia Santa Rosalía kwenye ufuo wa ghuba. Ni kilomita zinazozidi 600 kidogo, yaani hazifiki hata mwendo wa Dar es Salaam hadi Mbeya. Ugumu wake haukutokana na umbali.

Nianze na karatasi, kwa kuwa ndizo zilizonichosha kuliko usukani. Mwenye pasipoti yetu anahitaji viza ya Mexico, isipokuwa kama ana ukazi wa kudumu au viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen. Mimi niliingia kwa grini kadi, yaani kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani, pamoja na pasipoti. Hata hivyo, kusamehewa viza hakukuondolei wajibu wa kupata kibali cha kuingia, ambacho kwa wanaopita nchi kavu na kukaa siku zisizozidi 7 hutolewa bila malipo, na kwa wanaokaa zaidi kina ada ya peso ambayo imekuwa ikipanda. Linalowaponza wengi ni kwamba pale mpakani San Ysidro unaweza usisimamishwe na mtu yeyote. Magari hupita kwenye milango, taa ya kijani ikiwaka unaendelea, na baada ya dakika chache uko katikati ya Tijuana bila muhuri wowote. Ni juu yako mwenyewe kuegesha pembeni, kuingia ofisi ya uhamiaji na kuomba kibali, na anayepuuza hilo hujikuta mbele ya askari, mamia ya kilomita kutoka mpakani, akiwa hana uthibitisho wa kuingia nchini kihalali.

Niliegesha, nikaingia ofisini. Wamarekani waliokuwa mbele yangu walihudumiwa haraka. Pasipoti yangu ilipelekwa meza hii na ile, nikaulizwa tena na tena ninaishi wapi na ninafanya kazi gani, kisha nikaulizwa kwa nini naelekea kusini ilhali Waafrika wanaofika Tijuana wanataka kwenda kaskazini. Naelewa swali lile lilitoka wapi, kwa sababu Waafrika wengi wamepita Mexico katika miaka ya karibuni, na mwaka 2019 wengi wao walikwama mjini Tapachula, karibu na Guatemala, wakisubiri karatasi. Pamoja na kuelewa, liliniuma, kwani grini kadi ilikuwa mezani mbele ya aliyeuliza. Ninayataja haya kwa ajili ya ndugu zangu wanaopanga safari kama hii: ukisafiri na wenzako wazungu, usipange muda wako kwa kufuata wa kwao.

Karatasi ya pili ni ya gari. Gari langu bado nalilipia mkopo, na mkataba unanitaka nipate barua ya ruhusa kutoka kwa kampuni iliyonikopesha kabla ya kulivusha mpaka. Barua hiyo ilinigharimu wiki kadhaa za simu, kila anayepokea akinitaka nianze maelezo upya. Karatasi ya tatu ni bima. Bima ya gari ya Marekani haitambuliwi na sheria ya Mexico kwa madhara unayomsababishia mtu mwingine, na ukipata ajali yenye majeruhi bila bima inayotambuliwa, unaweza kuwekwa kizuizini mpaka ijulikane nani atalipa. Kwa hiyo nilinunua bima ya Mexico kabla ya kuvuka, karibu dola 30 kwa siku, ambazo unalipa hata kama gari limeegeshwa tu. Mwenye gari la thamani ndogo hutozwa pungufu. Unafuu mmoja mkubwa ni kwamba rasi ile haihitaji kibali cha kuingiza gari kwa muda. Ukitaka kupanda feri kutoka La Paz, kusini mwa rasi, kwenda Mazatlán, ng'ambo ya ghuba, hapo kibali kinahitajika pamoja na dhamana ya kati ya dola 200 na 400 kulingana na umri wa gari, na ndiyo sababu sikuwaza kabisa habari ya feri.

Hapa niseme jambo moja kuhusu fedha, maana limenikaa moyoni. Ndugu yangu wa karibu alizigeuza gharama hizi kuwa shilingi, akaniandikia kwamba mtu mwenye fedha za kumwaga jangwani hawezi kukosa ada ya shule ya mtoto wa nduguye. Ada ile naichangia kila muhula, na naichangia kwa moyo. Safari hii niliilipia kwa zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ambazo wenzangu hawazitaki. Nasema haya kwa sababu hesabu inayofanywa kwa shilingi huku mshahara ukifikiriwa kwa dola, na kodi ya nyumba ya San Diego ikisahauliwa, huleta ugomvi usio na msingi kati ya watu wanaopendana.

Siku yenyewe niliipanga kwa mambo mawili, mafuta na jua. Kutoka San Quintín unafika El Rosario baada ya kilomita 60 hivi, na hapo unajaza tangi hata kama limepungua kidogo tu. Barabara inaacha pwani, inapanda ndani ya jangwa, na kwa takribani kilomita 300 hakuna kituo cha mafuta cha kawaida mpaka unapokaribia Guerrero Negro. Katikati, pale Cataviña, wapo watu wanaouza petroli kutoka kwenye mapipa kando ya barabara, kwa bei ya juu kuliko ya kituoni, na ninawaheshimu kwa sababu wameokoa wengi. Hata hivyo, safari haijengwi juu ya tumaini la kumkuta mtu na pipa lake. Gari langu hutumia lita moja kwa kilomita 10, kwa hiyo pengo lile lilihitaji lita 30 na ziada. Kituoni angalia kwamba mashine imeanza kwenye sifuri, na uwe na peso mkononi, maana kadi haikubaliwi kila mahali. Beba maji mengi na tairi la akiba lenye upepo. Serikali ya Mexico ina mafundi wa barabarani wanaoitwa Malaika wa Kijani, ambao huwasaidia wasafiri na hupatikana kwa namba 078, lakini sehemu kubwa ya jangwa haina mtandao wa simu wa kuwapigia.

Ama kuhusu jua, wengi mmeuliza kwa nini sikusubiri usiku, wakati wa baridi na magari machache, kama wanavyofanya madereva wengi wa kwetu. Barabara ile ina njia moja kwenda na moja kurudi, ni nyembamba, na kwa sehemu kubwa haina mabega: lami inaishia kwenye mstari mweupe, na baada ya mstari kuna shimo au mteremko. Hakuna uzio, kwa hiyo ng'ombe huvuka wapendavyo, na usiku hulala juu ya lami kwa sababu hutunza joto la mchana. Kuna mabonde ambamo barabara hushuka ghafla ili maji ya mvua yapite juu yake, na ukiwa ndani ya bonde huonekani na anayekuja. Kisha kuna malori. Dereva wa lori akikuona nyuma yake huwasha taa ya kushoto kukuambia kwamba mbele kuko wazi na unaweza kumpita, lakini taa hiyo hiyo humaanisha kwamba anataka kukata kushoto. Mchana unaitazama barabara ukaamua mwenyewe, lakini usiku unaikabidhi roho yako kwa taa ya mtu usiyemjua. Ndiyo maana niliondoka San Quintín kulipopambazuka, nikaweka nia ya kufika kabla ya magharibi, na nisingekuwa na saa za mwanga za kutosha ningelala Guerrero Negro bila kujali ratiba.

Mandhari mmeyaona kwenye picha. Niongeze tu kwamba ile mimea mirefu iliyonyooka, yenye vijitawi vifupi shinani hadi kileleni, huitwa cirio, na karibu yote duniani iko katika rasi ile, isipokuwa michache ng'ambo ya ghuba huko Sonora. Ile yenye matawi manene ni kakti ya cardón, ambayo huweza kuzidi meta 15. Pale Cataviña majabali ya matale yamepandana hivi kwamba nilijiona niko Mwanza, kasoro ziwa. Nilisimama pale kula, na laiti ningekuwa na muda, ningekaa siku nzima.

Vizuizi vya wanajeshi vipo, na havinipi hofu mnayoniandikia. Ni vijana wenye bunduki na adabu, wanaouliza unatoka wapi na unakwenda wapi, kisha wanakagua gari wakitafuta silaha na dawa za kulevya. Mimi huzima injini, huvua miwani, na hujibu kwa Kihispania kidogo nilichojifunza kazini. Kizuizi kimoja tu ndicho walichotaka kuona kibali cha kuingia, na kile kikaratasi nilichokisumbukia Tijuana kikamaliza mazungumzo papo hapo. Kumbukeni tu kwamba uzoefu wangu si dhamana ya usalama wa mtu mwingine.

Guerrero Negro iko kwenye latitudo ya 28, mpakani mwa majimbo mawili ya rasi. Unaposhuka kusini, sehemu ya chini ya gari hupulizwa dawa kwa ada ndogo, na matunda unaweza kunyang'anywa. Mji unaishi kwa chumvi, kutokana na mabwawa ya kukaushia maji ya bahari ambayo huhesabiwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani, na kwa nyangumi wa kijivu wanaokuja kuzaa majira ya baridi. Kwa kuwa ilikuwa Februari, saa husogezwa mbele kwa saa moja ukivuka mstari ule. Majira ya joto majimbo yote mawili huwa na saa ile ile. Anayepanga kufika mapema na aitazame nafasi ya jua angani, kwa sababu saa ya simu itamchanganya.

Baada ya hapo barabara ni tambarare na inachosha, mpaka San Ignacio, ambako ghafla unaona mitende iliyozunguka bwawa la maji baridi. Mitende hiyo ilianzishwa na wamisionari Wajesuiti katika karne ya 18, na tende zake huuzwa kando ya njia. Kutoka hapo zimebaki kilomita 70 na kitu, zenye mteremko mkali na kona kali kabla ya kuikuta bahari, na ukiwa umechoka hapo ndipo pa kupunguza mwendo zaidi. Niliingia Santa Rosalía jua likiwa bado juu ya milima.

Hesabu ya siku ile ni hii: mafuta zaidi kidogo ya lita 60, peso 1,500 na ushei, yaani dola 85 hivi, bima dola 30, chumba dola 50, chakula dola 20. Jumla ni karibu dola 185, mbali na gharama za siku nyingine za kwenda na kurudi. Wawili wakigawana, inakuwa nafuu.

Sasa kwa wale mlio hapa Marekani na mnasubiri uamuzi wa maombi ya hifadhi au ya kubadili hadhi, ambao mmeniandikia kwamba mnataka nanyi mvuke wikendi moja kwa kuwa San Diego iko jirani: kutoka nje ya nchi bila kibali cha kurudia kunaweza kuhesabiwa kwamba mmeyatelekeza maombi yenu. Wenye hati za kusafiria za wakimbizi, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo na Burundi, masharti yao pia si sawa na ya mwenye pasipoti na grini kadi. Mimi si mwanasheria. Muulizeni wakili wenu kwa maandishi, na jibu lake liwafikie kabla hamjalipia bima wala chumba.