Kumlisha mgonjwa wa kiharusi bila kumpalia

Ndugu zangu mnaouguza nyumbani, nianze na maji, maana ndicho kitu tunachokimbilia. Mgonjwa amelala chali, midomo imemkauka, na mwenye huruma anamnyanyua kichwa kidogo na kumnywesha. Naomba sana tuache. Maji hukimbia kooni kabla misuli iliyolegea haijawahi kuifunga njia ya hewa. Uji mzito huteremka polepole, na wengi huumudu vizuri zaidi. Kiharusi kikishampata mtu, asipewe chochote mdomoni, hata dawa, mpaka apimwe kumeza hospitalini. Midomo ilowesheni kwa kitambaa safi chenye unyevu.

Karibu nusu ya wagonjwa hawa hupata shida ya kumeza siku za mwanzo. Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache, lakini hapo katikati nimonia, inayoletwa na chakula au maji kuingia mapafuni, imeshaua wengi.

Anayepaliwa na kukohoa kila mtu humwona. Mimi namhofia zaidi asiyekohoa. Kiharusi huweza kuondoa hisia kooni, chakula kikaingia mapafuni kimyakimya. Huyo mwambieni aseme "aaa" baada ya kumeza. Sauti ikitoka kama ina majimaji, simamisheni mlo. Mchunguzeni na shavu la upande uliolegea, mara nyingi tonge limebaki humo. Homa za kurudirudi na kukonda pia ni dalili, mrudisheni hospitali.

Wakati wa kula mkalisheni wima kabisa, awe macho, televisheni imezimwa. Tumieni kijiko cha chai, na msiongeze kabla hamjaona koo limepanda na kushuka. Viazi au ndizi za kupondwa, parachichi, ndiyo. Wali mkavu, au supu yenye vipande, hapana. Akimaliza abaki wima nusu saa. Vidonge msivisage bila kuuliza, vingine vimetengenezwa viyeyuke taratibu.

Na mswaki, jamani! Mate yenye bakteria nayo huteleza hadi mapafuni. Msafisheni kinywa asubuhi na usiku, hata kama analishwa kwa mpira wa puani. Huyo ndiye husahaulika kabisa.

Ila mtu asiye na kiharusi, ambaye nyama ilianza kumkwama, kisha ugali, sasa hata uji, msimpondeponde chakula tu mkaridhika. Afrika Mashariki tuna saratani ya umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa wingi. Apelekwe mapema akachunguzwe umio kwa kamera.