Jeni Ndani ya Jeni: Kupima RNA za Hepesi

Jenomu ya virusi vya hepesi simpleksi aina ya 1 ina jozi za besi zipatazo 152,000, na mfuatano wake wote ulichapishwa mwaka 1988. Ramani basi tunayo. Kazi iliyobaki ni kujua jeni ipi inafanya kazi, yaani inatoa RNA, na wakati gani.

Jeni hizi huamka kwa zamu. Za kwanza, kama ICP4 na ICP27, huamshwa na VP16, protini inayoingia na chembe ya virusi yenyewe. Za pili hutoa vifaa vya kunakili DNA. Za tatu, nyingi zikiwa za kuunda chembe mpya, hutegemea DNA iliyokwisha kunakiliwa.

Ili kujua zamu ya jeni yako, tia sikloheksimidi, dawa inayozuia seli kutengeneza protini, mikrogramu 100 kwa mililita, nusu saa kabla ya kuambukiza seli, na isitoke hadi uvune RNA. Kitakachojaa humo ni cha zamu ya kwanza. Sahani nyingine itie asidi ya fosfonoasetiki, inayozuia polimerasi ya virusi, kimeng'enya kinachonakili DNA yake. Za tatu zitafifia. Weka virusi 5 hadi 10 kwa kila seli. Vikiwa haba, seli zitaambukizwa kwa nyakati tofauti na zamu zitachanganyika.

Mtego mkubwa uko kwingine. Jeni UL26.5 imo ndani ya jeni UL26, ina promota yake (sehemu ya DNA inayoanzisha utoaji wa RNA), na RNA zao huishia mahali pamoja. Ukipima upande wa mwisho, unazihesabu zote mbili kwa jina moja! Lazima utafute mwanzo wa kila RNA kwa kurefusha praima, kipande kifupi cha DNA kinachoshika RNA na kurefushwa na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA hadi mwanzo wake. Hapo nako besi za G na C ni asilimia 68 ya jenomu, hivyo kimeng'enya hicho hukwama njiani na kukupa mwanzo wa uongo. Tumia kinachohimili nyuzi 50 au zaidi, kisha hakiki kwa praima ya pili.

Introni, vipande vya jeni vinavyokatwa na kutolewa kwenye RNA, ni chache, kwa hiyo DNA iliyosalia huonekana sawasawa na RNA. Safisha kwa DNase, kimeng'enya kinachovunja DNA, na kila sampuli iwe na kidhibiti kisicho na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Wala usilinganishe na RNA ya aktini, jeni ya seli inayotumiwa sana kama kipimo: protini ya UL41 hukatakata RNA za seli, aktini ikishuka jeni yako itaonekana imepanda bure. RNA ya ribosomu 18S inafaa zaidi.