Kwa Nini Jirani Yako Amepata, Wewe Bado

Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Swali ninaloulizwa sana na wachezaji ni hili: mbona watu wawili wenye simu aina moja na gemu ile ile, mmoja ameamka na kipengele kipya na mwenzake hana? Wengi hudhani ni upendeleo. Mara nyingi ni bahati ya namba tu. Seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoendesha gemu, huichukua namba ya akaunti yako, ikaipigia hesabu, ukaangukia fungu moja kati ya 100. Kampuni ikiamua kuanza na asilimia 5, mafungu matano hufunguliwa na mengine hungoja. Pengine kipengele chenyewe kimo tayari kwenye simu yako, ila kimezimwa.

Maduka ya programu nayo yana utaratibu wake. Apple humruhusu msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, kusambaza toleo jipya kwa siku 7: asilimia 1, 2, 5, 10, 20, 50, kisha wote. Kwenye Google Play, ukiwa msanidi, asilimia unaipanga mwenyewe, na mambo yakiharibika unasimamisha. Lakini kusimamisha si kurudisha! Aliyekwisha kupokea toleo bovu atabaki nalo mpaka umtolee jingine.

Sababu mojawapo ya kutoa kidogo kidogo hivi ni simu zenyewe. Pita Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya simu Nairobi, uone: Tecno, Infinix, Itel, Samsung, mpya na za mtumba. Gemu inayoteleza kwenye simu ya RAM ya GB 8 inaweza kujizima yenyewe kwenye ya GB 2, na hakuna ofisi yenye simu zote hizo za kujaribia. Kuhusu seva sitasema mengi. Pokémon GO ilipotoka Julai 2016, zililemewa kwa wingi wa watu.

Kinachonitisha zaidi ni uchumi wa ndani ya gemu. Msimbo mbovu wa programu hurekebishwa. Sasa sanduku la zawadi likitoa sarafu mara mbili, kufikia jioni watu wameshazitumia, wamepanda ngazi, wamewashinda wenzao. Ukiwanyang'anya, watawaka. Ukiwaachia, aliyenunua sarafu kwa pesa yake ya M-Pesa ataona amepunjwa. Waliopata sanduku hilo wakiwa wachache, utawafidia waliopunjwa mmoja mmoja. Wakiwa wote, umekwisha.

Ila si kila kitu kinagawika hivi. Katika gemu ya kushindana, huwezi kumpa mmoja silaha mpya halafu umpambanishe na asiyekuwa nayo. Hapo hujaribiwa nchi nzima nzima: Clash Royale ilianza Januari 2016 katika nchi chache, Kanada ikiwemo, ikafika kwingineko duniani Machi.

Kuna wanaotumia mbinu hii hii kupima bei, huyu aonyeshwe 100 na yule 200 kwa kitu kimoja, bila wao kujua. Mimi huo nauita ujanja, hata wakiuita utafiti.

Na nyinyi mnaotengeneza: msifungue kitu kipya Ijumaa jioni, mkaenda nyumbani. Haya, maswali.