Kufunga na Kutumia Kompyuta ya Kuzamia Inayosoma Hewa ya Mtungi

Assalamu aleikum, ndugu watazamaji, na karibuni Tanga. Tuko Raskazone, kivulini, hatua chache kutoka ufukweni, na juu ya meza hii nimeweka mtungi uliojazwa, regulata, yaani kifaa kinachopunguza shinikizo la hewa ya mtungi ili mzamiaji aivute, kompyuta ya kuzamia ya kuvaa mkononi, na kifaa hiki kidogo cheusi kinachoitwa transmita. Leo nitawaonyesha namna ya kuviunganisha ili kompyuta isome shinikizo la hewa iliyomo mtungini bila mpira wowote kufika mkononi. Kazi hii ifanyeni nchi kavu, mapema, kabla mashua haijang'oa nanga, kwa sababu mashua inayoyumba kwa upepo wa kusi si mahali pa kushika betri ndogo na oringi, zile pete za mpira zinazozuia uvujaji.

Kwanza tuelewe kifaa kinavyofanya kazi. Ndani ya transmita kuna kihisi cha shinikizo kinachopima hewa ya mtungi kila baada ya sekunde chache, kisha kipimo hicho hurushwa hadi kwenye kompyuta. Maji ya chumvi huzima mawimbi ya redio ya kawaida, kama yale ya simu, karibu papo hapo. Ndiyo maana transmita nyingi hutumia mawimbi ya masafa ya chini sana, ambayo hupenya majini lakini hayafiki mbali. Chukulia kuwa yanafika mita moja, au zaidi kidogo. Kwa hiyo, ukivaa kompyuta mkono wa kushoto, funga transmita upande wa kushoto wa kichwa cha regulata, yaani kile kipande cha chuma kinachoshika mdomo wa mtungi.

Sasa tazameni kwa karibu. Kichwa cha regulata kina matundu ya aina mbili. Matundu ya shinikizo la chini hupeleka hewa kwenye kipumulio na jaketi la kuelea, nayo hubeba takriban bar 10 tu (bar ni kipimo cha shinikizo) juu ya shinikizo la maji yanayokuzunguka. Tundu la shinikizo la juu, ambalo mara nyingi limeandikwa HP, hubeba shinikizo lote la mtungi, yaani bar 200 na zaidi. Transmita hufungwa kwenye tundu la HP pekee. Nyuzi za matundu haya hutofautiana kwa unene, ile ya HP ikiwa ya inchi 7/16 na ile ya chini kwa kawaida 3/8, hivyo ukiona kifaa kinalegea au kinakataa kuingia, usikilazimishe. Soma tena maandishi yaliyo kando ya tundu.

Hakikisha regulata haina shinikizo hata kidogo, kisha fungua kizibo cha HP kwa spana ya pembe sita. Kagua oringi iliyo kwenye shingo ya transmita. Isiwe na mkwaruzo, isiwe na punje ya mchanga, na mchanga wa pwani yetu ni mwembamba kiasi kwamba ni bora kuipitishia kidole kuliko kuitegemea macho. Ipake grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu. Wale wanaotumia hewa yenye oksijeni zaidi ya asilimia 40 watumie grisi iliyotengenezwa kwa ajili ya oksijeni, wala si hii. Zungusha transmita kwa mkono hadi ifike mwisho, kisha kaza kidogo kwa spana ukishika kitako chake cha chuma. Angalieni hapa: spana haigusi kabisa lile ganda la plastiki, kwa sababu ganda likipokea nguvu hupasuka na maji huingia kwenye betri.

Jambo moja nawaomba mlichukulie kwa uzito. Transmita inatokeza kando ya mtungi, na anayesaidia kupakia vyombo huiona kama mshikio. Kabla ya safari, waonyesheni mabaharia wa mashua kifaa hiki na waambieni waziwazi kwamba mtungi unashikwa shingoni au kwenye mkanda wake. Transmita iliyobeba uzito wa mtungi, hata mara moja, haifai kuaminiwa tena kabla fundi hajaikagua.

Tufunge regulata kwenye mtungi. Fungua vali polepole sana, kwa sababu shinikizo likiingia kwa kishindo linaweza kuumiza kihisi. Transmita huamka yenyewe inapohisi shinikizo, na baadhi zina taa ndogo inayomweka. Baada ya hapo ingia kwenye orodha ya mipangilio ya kompyuta na utafute sehemu ya transmita. Kila transmita ina namba yake ya pekee iliyochapwa ubavuni, na katika kompyuta nyingi unaiandika namba hiyo. Katika nyingine unasogeza kompyuta karibu na transmita, na vyenyewe vinatambuana. Kama chako ni cha aina hii ya pili, jitenge hatua kadhaa na wenzako, maana kompyuta inaweza kushika transmita ya jirani na ukazama ukisoma hewa ya mtu mwingine.

Uhakiki wake ni mwepisi, nami nauona kuwa ndio hatua muhimu kuliko zote leo. Soma namba iliyo kwenye kioo. Funga vali ya mtungi, kisha bonyeza kitufe cha kipumulio utoe hewa kidogo kidogo. Namba iliyo mkononi mwako lazima ishuke. Isiposhuka, unasoma mtungi usio wako. Ikishuka, fungua vali tena, kikamilifu, na ulinganishe namba hiyo na geji ya kawaida ya mshale. Naam, geji ya mshale inabaki. Regulata nyingi zina matundu mawili ya HP, moja la transmita na jingine la geji, na sioni sababu ya mzamiaji wa pwani hii kuiacha nyumbani.

Mipangilio mingine haitachukua muda. Weka saa na tarehe. Chagua vipimo vya mita na bar. Geji zenye kipimo cha psi huwachanganya watu, na ukikutana nazo kumbuka kuwa bar 1 ni takriban psi 14.5. Chagua maji ya chumvi. Andika ujazo wa mtungi, ambao hupigwa chapa kwenye bega lake: mtungi wa alumini unaotumika sana una lita 11.1, na ule wa chuma mara nyingi una lita 12. Weka kengele moja ilie kwenye bar 100 na nyingine kwenye bar 50, ambayo ni akiba.

Aina ya hewa inahitaji utulivu zaidi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ukijaziwa naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 32, pima mwenyewe kwa kipimaoksijeni, kisha uandike kwenye kompyuta kile ulichopima, wala si kile ulichoambiwa. Shinikizo la oksijeni likiwekewa kikomo cha bar 1.4, mtungi huo hauruhusiwi kupita takriban mita 33, na kompyuta itapiga kengele hapo. Wageni wengi hufika Tanga kwa sababu ya silikanti, samaki wa kale aliyeipa jina hifadhi yetu ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009, na huuliza kama wanaweza kumfuata kwa mtungi. Makazi yake yako kina kilicho nje ya mipaka ya mzamiaji wa burudani, ambayo ni mita 40. Weka kengele ya kina, na uiheshimu hata pale ukuta wa miamba unapoendelea kukuita chini.

Sasa tuko majini. Kioo kinakuonyesha kina, muda uliopita, dakika zilizobaki kabla ya kuhitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda, ambazo kompyuta nyingi huziandika kwa herufi NDL, na shinikizo la mtungi. Kompyuta nyingi huongeza namba nyingine: dakika za hewa zilizobaki. Namba hii inapendwa sana, na mara nyingi haieleweki, kwa hiyo tuitazame kwa mfano. Mzamiaji mwenye mtungi wa lita 12 amekaa mita 10 kwa dakika 20, na shinikizo limeshuka kutoka bar 200 hadi 140. Ametumia bar 60, ambazo ukizidisha kwa 12 ni lita 720, yaani lita 36 kwa dakika. Kwa kuwa mita 10 chini shinikizo ni bar 2, juu ya maji angetumia nusu yake, lita 18. Mtu huyohuyo, kwa pumzi ileile, akishuka hadi mita 30 ambako shinikizo ni bar 4, atatumia lita 72 kila dakika, sawa na bar 6 za mtungi wake. Zile bar 90 zilizobaki juu ya akiba zitakwisha kwa dakika 15.

Kompyuta hufanya hesabu hii kwa kuangalia pumzi zako za dakika chache zilizopita. Siku za bamvua, mkondo unapovuta na wewe ukipiga miguu kuufuata mwamba, namba itaanguka ghafla. Ukijibanza nyuma ya jiwe na kutulia, itapanda tena. Baadhi ya kompyuta huhesabu hadi kwenye akiba uliyoweka, nyingine hutenga pia hewa ya kupandia, basi soma kijitabu cha chako ujue namba yako inamaanisha nini. Mimi huwafundisha wanafunzi kuongoza mzamo kwa bar na kuzitumia dakika kama onyo.

Kuna nyakati shinikizo litatoweka na badala yake utaona vistari. Usitaharuki. Sogeza mkono karibu na bega lenye transmita na usubiri. Taa za kamera zinazomweka, na vyombo vyenye mota ya umeme vinavyomvuta mzamiaji, huvuruga mawimbi kwa muda mfupi. Vistari vikiendelea kwa zaidi ya dakika moja, tazama geji ya mshale, mpe ishara mwenzako, na mwanze kupanda kwa utaratibu. Usizidi mita 9 kwa dakika; kompyuta itakuonya ukizidi. Kaa mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka.

Mkishafika pwani, kompyuta bado inafanya kazi: inahesabu naitrojeni inayotoka mwilini na kuonyesha saa za kusubiri kabla ya kupanda ndege. Baada ya mizamo kadhaa subirini angalau saa 18. Watu wa Tanga na wageni wao wazingatie pia barabara ya Mombo, kwani Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwili uliojaa naitrojeni kupanda milima ya Usambara jioni ileile ni sawa na kupanda ndege. Safari ya Lushoto itangulie mzamo au iahirishwe hadi kesho yake. Kwa sababu hiyo hiyo kompyuta haiazimwi mchana kwa mtu mwingine, na betri yake haitolewi kati ya mzamo na mzamo, maana baadhi husahau hesabu yote.

Kusafisha ni kwa maji baridi ya bomba, regulata ikiwa bado imefungwa kwenye mtungi na ina shinikizo, ili maji yasiingie ndani. Bonyeza vitufe vyote ndani ya maji chumvi itoke. Kausha kivulini, kamwe si juu ya bati wala kwenye sitaha yenye jua. Toa shinikizo, na transmita italala yenyewe baada ya dakika chache. Kama hutaingia majini kwa miezi kadhaa, kausha vidole vyako kwanza, fungua kifuniko cha betri, itoe, paka oringi ya kifuniko grisi kidogo, na uiandike tarehe kwenye kipande cha karatasi utakachokiweka pamoja na kifaa ndani ya kopo lake.